"Kaanguka Mkarafuu, Hana Hata Mkwaruzo": Kinachotokea Ndani ya Tumbo

Msimu wa karafuu ukipamba moto Pemba, kuna habari inayorudi, mara Mtambile, mara Wete, mara Konde. Kijana kaanguka mkarafuu asubuhi. Kainuka mwenyewe, kajikung'uta majani, wenzake wamemtania, akakaa kivulini akanywa maji. Mchana kala. Alasiri kaanza kusema tumbo linauma na bega la kushoto linamchoma, mama mtu akamkanda kwa maji ya moto. Usiku jasho la baridi likamtoka, na alfajiri watu wanahangaika kutafuta gari. Akifariki, baraza hujaa maneno. Kafanyiwa. Mti ule una wenyewe. Au sindano aliyochomwa hospitali ndiyo iliyommaliza, maana alikwenda pale anazungumza.

Kijana yule alikuwa akivuja damu ndani tangu alipogusa ardhi. Kutwa nzima mwili wake ulikuwa ukiuficha uvujaji huo, mpaka uwezo wa kuficha ukamalizika.

Liko na swali la pili, ambalo huzua ugomvi mkubwa zaidi wodini. Wawili wameanguka wiki moja, miti inayolingana. Mmoja kapasuliwa usiku ule ule, mwingine kalazwa siku kadhaa anatazamwa tu. Jamaa wa aliyepasuliwa wanasema mtoto wao kafanyiwa haraka, jamaa wa aliyelazwa wanasema wao wamedharauliwa. Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo ni kwamba tumbo lililogongwa halisomeki kwa kuangaliwa mara moja. Husomwa kwa saa, na yule anayelisoma hulazimika kurudi na kurudi.

Jeraha butu

Madaktari hugawa majeraha ya tumbo mafungu mawili. La kwanza ni jeraha la kupenya: kisu, panga, chuma, pembe ya ng'ombe iliyozama. Ngozi imetoboka, damu inaonekana, na hakuna anayebisha kwamba mtu huyu apelekwe hospitali. La pili ni jeraha butu. Tumbo limegongwa, limebanwa au limetikiswa kwa nguvu, lakini ngozi imebaki nzima. Anayeanguka mkarafuu au mnazi yumo humu. Yumo anayegongwa na vespa, mtoto anayeangukia usukani wa baiskeli, mchezaji anayepigwa goti la mbavu uwanjani, anayesukumwa na ng'ombe wa mchezo bila pembe kuingia, na abiria aliyebanwa na mkanda gari ilipogonga. Yumo pia mwanamke aliyepigwa teke nyumbani, ambaye akifika hospitali husema ameteleza chooni kwa sababu aliyempiga ndiye aliyemleta na amesimama pembeni yake. Huyu anahitaji kuulizwa akiwa peke yake, tena kwa upole, kwani matibabu yake yanategemea jibu la kweli.

Mtazame mchumaji. Vishada vizuri hukaa kwenye ncha za matawi, kunakopata jua. Ili avifikie huondoka kwenye shina akasogea nje, mguu mmoja kwenye panda, mkono mmoja unavuta kishada, na tawi la mkarafuu lina tabia ya kukatika ghafla bila kupinda kwanza. Akiporomoka hafiki chini moja kwa moja. Ubavu wake hugonga tawi la chini, mwili hupinduka, kisha ndipo ardhi inapompokea.

Mapigo hayo mawili huumiza kwa njia mbili. Tawi linapombana, viungo vya ndani hupondeka kati ya tawi na uti wa mgongo. Ardhi nayo inausimamisha mwili ghafla wakati vilivyomo ndani bado vina mwendo, vikachanika pale viliposhikizwa. Njia ya tatu ni ya vitu vilivyojaa. Kibofu kilichojaa mkojo hupasuka kikibanwa, kwa hiyo aliyeshikilia mkojo wakati wa ajali yumo hatarini kuliko aliyetoka msalani.

Ndani ya tumbo mna viungo vya aina mbili, na kila aina ina mwendo wake wa kuumia. Vya kwanza ni vya nyama iliyojaa damu: ini kulia, bandama kushoto nyuma ya mbavu za chini, figo mbili nyuma kabisa, na kongosho lililolala juu ya uti wa mgongo. Hivi vikichanika hutoa damu. Ini na bandama ndivyo vinavyoumia zaidi katika majeraha butu, na bandama, ambayo kwa mtu mzima ina ukubwa wa ngumi hivi, ni laini kiasi kwamba ubavu uliovunjika unaweza kuichana. Ikiwa imevimba kwa maradhi, malaria ikiwemo, huchanika kwa pigo dogo zaidi. Aina ya pili ni vya mviringo vyenye uwazi: tumbo la chakula, utumbo mwembamba na mpana, kibofu. Hivi vikitoboka humwaga kilichomo, nacho ni uchafu wenye vijidudu au mkojo.

Damu inaweza kuua kwa dakika au kwa saa chache. Utumbo uliotoboka huenda polepole. Saa za mwanzo maumivu huwa ya kuvumilika, kisha ndani ya siku moja au mbili homa inapanda, tumbo linakakamaa, mtu hataki hata shuka imguse. Kwa hiyo mtu aliyepita salama usiku wa kwanza kavuka hatari moja, na ile ya pili bado anaisubiri.

Saa za kudanganya

Chukua nyumba yenye pampu inayosukuma maji kwenye mabomba yaliyofukiwa. Bomba likipasuka chini ya sakafu, mfereji wa jikoni haukatiki papo hapo. Pampu itakimbia zaidi, na mwenye nyumba akifunga mifereji ya uani na ya bustani, maji ya jikoni yataendelea kutoka kwa nguvu ile ile. Anayefungua mfereji wa jikoni peke yake atasema kila kitu kizima. Dalili iko kwenye pampu inayonguruma bila kupumzika na kwenye mifereji ya uani iliyokauka. Moyo ndio pampu, na presha ndiyo nguvu ya maji ya jikoni. Damu ikivuja, moyo huenda mbio, na mishipa ya ngozi, mikono na miguu hujibana ili ubongo na moyo wenyewe visikose. Ndipo viganja vinapokuwa vya baridi, uso ukapauka, mkojo ukapungua, na kipimo cha presha bado kinasoma vizuri.

Kwa hesabu iko hivi. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya lita 5 hivi. Akipoteza mililita 750 za mwanzo haonyeshi karibu chochote. Kutoka hapo mpaka lita 1.5, mapigo ya moyo huvuka 100 kwa dakika, kiu huja, na mtu huwa na wasiwasi, hatulii kitandani, lakini namba ya juu ya presha yake inaweza kusimama pale pale. Ni baada ya lita 1.5 ndipo presha inapoanguka na akili kuanza kuchanganyika. Ikipita lita 2, mtu yuko ukingoni. Na tumbo la mtu mzima linaweza kubeba damu yote hiyo bila kuvimba kwa namna ya kuonekana kwa jicho. Kwa hiyo "presha yake nzuri" na "tumbo halijajaa" si habari za kutosha kumrudisha mtu nyumbani.

Watoto wanatisha zaidi. Mtoto ana damu ya mililita 80 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, yaani wa kilo 20 ana lita 1.6 tu mwili mzima, na nusu lita kwake ni karibu theluthi ya yote. Mishipa yake hujibana vizuri kuliko ya mtu mzima, hivyo presha husimama kwa muda mrefu, kisha huporomoka kwa mara moja. Mbavu zake nazo hupinda bila kuvunjika, kwa hiyo picha ya eksirei inaweza kuonyesha mbavu nzima juu ya bandama iliyopasuka. Wazee wana mtego wao: anayemeza dawa za presha za kundi la atenololi au propranololi, moyo wake umezuiwa kwenda mbio, na mapigo 80 kwake hayana maana ile ile yaliyonayo kwa kijana. Jamaa wakumbuke kuzitaja dawa hizo mapema.

Kipimo cha wingi wa damu huwachanganya watu wengi kuliko vyote. "Walimpima damu ikawa 13, wakasema nzuri, saa nne baadaye wanasema 7. Ndiyo kusema walikosea?" Hawakukosea. Kipimo kile huangalia uzito wa damu iliyomo mishipani, yaani chembe zilivyo nyingi ndani ya maji yake, si damu imebaki kiasi gani. Damu inapomwagika, chembe na maji yake hutoka pamoja, na iliyobaki ina uzito ule ule. Hupungua uzito baadaye, mwili unapovuta maji yake kuziba pengo au mgonjwa anapowekewa dripu. Kipimo cha kwanza ni cha kulinganishia. Cha pili na cha tatu ndivyo vinavyosema kitu.

Dalili za kuchukulia kwa uzito

Maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua. Maumivu ya ncha ya bega bila bega kuguswa: damu au uchafu ukigusa kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo, neva ya kiwambo hicho hutoka shingoni pamoja na neva za bega, na ubongo hudhani linalouma ni bega. Bega la kushoto mara nyingi ni bandama, la kulia ni ini. Huyu kijana wetu wa mwanzo alisema neno hilo alasiri, na hakuna aliyelipa uzito.

Kizunguzungu akisimama, kiu isiyokatika, jasho la baridi, viganja vya baridi. Kutapika kunakojirudia. Mkojo wenye damu, au mkojo usiotoka kabisa ilhali mtu anajihisi kubanwa. Alama ya mkanda wa gari iliyovilia tumboni, au duara dogo jekundu la ncha ya usukani kwenye tumbo la mtoto. Alama hiyo ndogo naiogopa kuliko mchubuko mkubwa wa goti, kwa sababu nguvu yote ya kuanguka imepita mahali padogo, na nyuma yake pana kongosho na utumbo wa mwanzo. Kongosho likiumia linaweza kukaa siku kadhaa likimpa mtoto maumivu na kutapika tu, watu wakadhani amekula kitu kibaya.

Wako wasioweza kusema. Aliyezimia, aliyelewa, aliyeumia kichwa. Na yule aliyevunjika paja, ambaye maumivu ya mguu yamemeza mengine yote. Kwa hawa tumbo huhesabiwa limeumia mpaka ithibitike vinginevyo.

Mjamzito ana hukumu yake. Hata pigo dogo, hata kuanguka kwa kuteleza tu, linaweza kulibandua kondo la nyuma, na damu ikajikusanya nyuma yake bila kutoka hata tone. Akihisi tumbo linakaza, maumivu ya kiuno, damu, au mtoto kupunguza kucheza, aende mara moja. Asipohisi kitu, bado aende akaangaliwe kwa saa zisizopungua 4. Njiani alazwe ubavu wa kushoto, kwani mimba kubwa ikilalia mshipa mkuu wa nyuma humnyima mama damu inayorudi moyoni.

Nyumbani na njiani

Kukanda na kuchua ndilo kosa linalofanywa kwa mapenzi makubwa kabisa. Bandama iliyochanika mara nyingi huwa imezibwa na donge la damu iliyoganda, na donge hilo ndilo linalomweka mtu hai. Mkono wenye mafuta ukikandamiza ubavu ule unaweza kuling'oa. Maji ya moto nayo hufungua mishipa ya ngozi ambayo mwili uliifunga kwa makusudi. Hijama na chuku nazitaja kwa heshima, kwani wengi wanazitumia kwa imani na kwa maradhi mengine, lakini damu iliyomwagika tumboni iko nyuma ya misuli na utando, na kikombe kilichobandikwa kwenye ngozi hakiifikii. Kinachopotea pale ni saa.

Asipewe chakula wala kinywaji, si uji, si chai ya tangawizi, si maji ya chumvi. Akihitaji upasuaji, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa chini ya usingizi wa dawa. Hata kama ameanguka akiwa na saumu, asikimbiliwe na glasi ya maji. Maji atapewa hospitali kwa mshipa. Dawa za maumivu za dukani kama aspirini na diklofenaki huifanya damu isigande vizuri, ziachwe. Hospitali atatulizwa maumivu, na ile hofu ya zamani kwamba dawa ya maumivu itamficha daktari ugonjwa haina nguvu tena. Mgonjwa aliyetulia hupimika vizuri zaidi.

Alazwe chali, afunikwe kanga au blangeti, maana baridi huzuia damu kuganda. Aliyeanguka kutoka juu anaweza pia kuwa ameumia uti wa mgongo, kwa hiyo ageuzwe kwa pamoja, kichwa na mwili, abebwe juu ya mlango au ubao. Nimeshaona mtu akiletwa kwa mshikaki kwenye bodaboda, katikati ya wawili, kichwa kimelala begani kwa dereva. Waliomleta walifanya waliloliweza. Lakini kumkalisha aliyeishiwa damu ni kuunyima ubongo wake kidogo kilichobaki, na gari ya mizigo ya jirani, akalazwa bodini na mtu wa kumshika, ni bora mara nyingi.

Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi. Atokaye Micheweni akipewa rufaa ya Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, iliyofunguliwa upya mwaka 2016 baada ya kujengwa kwa msaada wa China, hukikata kisiwa karibu chote, na wa Kojani ana bahari ya kuvuka kwanza. Safari hiyo ndiyo sababu ya kuondoka mapema, mtu angali anazungumza. Iko dawa iitwayo traneksamiki, inayosaidia donge la damu lisiyeyuke, na utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2010, wenye wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba huokoa maisha ikitolewa mapema. Mipaka yake ni saa 3 tangu kuumia. Zikipita, haisaidii na inaweza kudhuru. Dawa ni ya bei ndogo. Kilicho ghali ni zile saa 3 zilizotumika kukanda.

Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajali za barabarani na kwa waliopigwa, lakini mgonjwa wa namna hii aende hospitali moja kwa moja, na mtu mwingine ashughulikie fomu. Anayefuatana naye awe yule aliyemwona akianguka. Ataulizwa saa ngapi, urefu gani, kagonga nini, kakojoa mara ngapi tangu hapo, na majibu hayo yana thamani ya kipimo.

Mkono wa daktari

Kinachofanyika mwanzo hospitali hakigusi tumbo: njia ya hewa, kupumua, mapigo, presha, sindano mbili nene za mshipa, damu ya kulinganisha kundi. Kisha mkono. Daktari mzuri huupasha mkono joto kwa kuusugua, huanza upande usiouma, hubonyeza kidogo kidogo, na macho yake hayako tumboni, yako usoni kwa mgonjwa. Uso ukikunjika kabla mdomo haujasema, ameshapata jibu. Humwambia akohoe. Kikohozi kinachomfanya mtu ashike tumbo lake kwa mikono miwili kinaonyesha utando wa ndani umeshawashwa na damu au uchafu. Baada ya saa moja au mbili mkono ule ule unarudi mahali pale pale. Jamaa huona ni kurudia kazi, ilhali kule kulinganisha ndiko matibabu yenyewe.

Kisha altrasaundi ya haraka kando ya kitanda. Hutafuta maji pahali panne: kuzunguka moyo, pembeni ya ini, pembeni ya bandama, na chini kwenye nyonga. Mtu aliyeanguka hatakiwi kuwa na maji pahali hapo, hivyo yakionekana huhesabiwa ni damu. Lakini inaonyesha maji yaliyokwisha kuwa mengi kiasi, na haioni tundu la utumbo wala damu iliyojificha nyuma karibu na figo. "Altrasaundi safi" ya saa ya kwanza maana yake ni kwamba saa hiyo hakikuonekana kitu. Skani ya CT huona zaidi, hata mpasuko wa ini na ukubwa wake, ila mgonjwa anayeporomoka presha hapelekwi kwenye mashine hiyo. Anaweza kufia humo.

Nani apasuliwe, nani asubiri

"Daktari, mwanangu mmemlaza tu siku ya tatu hii, na yule wa jirani mlimpasua usiku ule ule. Kwani wetu si mtu?"

"Bi mkubwa, wako tumemwona ana mpasuko kwenye bandama, lakini damu imesimama yenyewe. Nikimpasua leo huenda nikamtoa bandama ambayo ingepona. Yule mwengine presha ilikuwa haishiki kila tukimwekea damu. Nisingempasua asingefika asubuhi."

Mazungumzo ya namna hii yangefanyika siku ya kwanza, ugomvi mwingi ungekwisha kabla ya kuanza. Kanuni yenyewe ni rahisi. Presha imeanguka na altrasaundi imeona damu: chumba cha upasuaji, bila kungoja kipimo kingine. Tumbo limekakamaa lote, au picha inaonyesha hewa iliyovuja kutoka utumboni: chumba cha upasuaji pia, kwa sababu tundu la utumbo halijizibi. Aliyetulia, ambaye ini au bandama au figo yake imechanika lakini haivuji tena, hulazwa kitandani, hupimwa kila mara, na jamaa wenye damu inayolingana huombwa wakae karibu.

Njia hii ya kusubiri ilianzia kwa watoto. Miaka ya 1960, madaktari wa hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, waliona kwamba bandama ya mtoto huganda na kupona yenyewe, wakaacha kuikimbilia kwa kisu. Leo karibu watoto wote wenye jeraha la bandama waliotulia, na wengi wa watu wazima wenye jeraha la ini, hupona bila kupasuliwa. Lakini kusubiri kuna masharti yake: muuguzi anayepima usiku kucha, damu kwenye jokofu, daktari na chumba cha upasuaji tayari mambo yakigeuka. Pahali ambapo kimoja kati ya hivyo kimekosekana, daktari akiamua kupasua mapema anafanya lililo salama pale alipo, na si haki kumpima kwa kipimo cha Toronto.

Iko hali moja inayozua shutuma mbaya kuliko zote. Mgonjwa anatoka upasuaji na tumbo halijafungwa, ndani mna vitambaa, na anarudishwa tena chumbani baada ya siku moja au mbili. Mtaani hutoka neno kwamba madaktari wamesahau vitambaa. Ukweli ni kwamba viliwekwa kwa makusudi. Mtu aliyepoteza damu nyingi mwili wake hupoa, damu hugeuka asidi, na damu iliyogeuka hivyo haigandi. Kila dakika ya ziada mezani huongeza yote matatu. Daktari aliyelijua hilo hubana ini kwa vitambaa, huzuia uchafu usimwagike, huacha mengine yote, na kumrudisha mgonjwa kitandani apate joto na damu. Akishatengemaa ndipo wanamaliza kazi. Jamaa waambiwe hivyo wazi, tena kabla hawajaona.

Damu yenyewe hutoka kwa watu. Kituo cha Damu Salama hukusanya mwaka mzima, na mwanamme mwenye afya anaweza kuchangia kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Uchangiaji wa kabla ya msimu wa karafuu ndio unaomkuta anayeanguka wakati wa msimu. Damu inayotolewa wakati mgonjwa yuko mezani inahitaji kwanza kupimwa maradhi.

Baada ya kuruhusiwa

Aliyetolewa bandama anaishi, anafanya kazi, anaoa, anazaa. Lakini bandama ni askari wa damu, na asiyekuwa nayo akipata vijidudu vya aina fulani anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache. Anahitaji chanjo tatu, ya nyumokokasi, ya meningokokasi na ya himofilasi aina b, ambazo kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki 2 baada ya upasuaji. Homa kwake si ya kungoja kesho. Malaria Zanzibar imeshuka sana, lakini akisafiri Bara lazima apate kwanza dawa za kujikinga, kwani malaria kwake huja kwa ukali. Atembee na karatasi iliyoandikwa kwamba hana bandama, na mkewe au mama yake alijue hilo, si yeye peke yake.

Aliyebaki na bandama au ini lake lililopona kwa kusubiri naye ana muda wa hatari. Donge linaweza kuachia katika wiki mbili za mwanzo, akiwa nyumbani, akijiona mzima. Maumivu yakirudi, kizunguzungu, au bega likianza kuchoma, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Mpira, kunyanyua mizigo na kupanda miti huwekwa kando mpaka daktari aruhusu, nayo ni wiki 6 mpaka miezi 3 kwa kadiri ya mpasuko.

Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu mchumaji hulipwa kwa pishi, na miezi 3 ni msimu mzima. Wengi hurudi mtini wiki ya tatu kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Mwenye shamba anaweza kumpa kazi ya chini: kukaa jamvini akachambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kuzigeuza karafuu juani, kupima pishi za wenzake na kuandika. Asipewe polo kulibeba, na asipewe ngazi kuishikilia, kwani anayeporomoka juu yake humwangukia yeye.